Tope la Rusizi Mbele ya Hakimu

Udongo ni mchanganyiko wa mwamba uliosagika, madini, mabaki ya mimea na wanyama, vijidudu, maji na hewa. Sehemu yake inayobebwa na maji au upepo na kutuama mahali pengine huitwa mashapo: mchanga wa mtoni, tope la ziwani, kichanga cha ufukweni. Vyote viwili hunasa kwenye soli ya kiatu, kwenye pindo la suruali, chini ya kucha, kwenye tairi, kwenye jembe na sepetu. Taaluma inayotumia mabaki hayo katika upelelezi wa jinai hujibu swali moja fupi: je, udongo uliokutwa kwenye kitu hiki umetoka mahali pale? Wakati mwingine swali huwa gumu zaidi, kwa sababu hakuna anayejua mahali penyewe ni wapi, na udongo ndio unaotakiwa kuelekeza.

Kanuni inayotajwa zaidi katika kazi hii ni ya Mfaransa Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910. Alifundisha kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja huacha chembe zake kwa mwenzake. Mhalifu hukumbuka kufuta alama za vidole, hutupa silaha, huchoma nguo zenye damu. Wachache sana hukumbuka vumbi lililoingia kwenye mshono wa kiatu. Tena chembe za madini haziozi. Damu huharibika kwa joto, mashahidi hufa au hukimbilia uhamishoni, lakini mchanga uliojificha nyuma ya tairi la gari hubaki ulivyo miaka na miaka, mradi hakuna aliyeuosha.

Si kila mahali udongo una la kusema kwa kiwango kimoja. Ardhi ikiwa ya aina moja kwa kilomita nyingi, kulinganisha sampuli hakusaidii sana. Thamani huja pale ambapo aina nyingi hukutana katika eneo dogo, na Gatumba ni mahali pa namna hiyo. Mji huo mdogo wa Burundi uko magharibi ya Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Uvira, katikati ya mto Rusizi na mpaka wa Kongo. Rusizi hutoka ziwa Kivu, hupenya kwenye makorongo ya basalti karibu na Bukavu, kisha hushuka kwenye tambarare na kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika. Mashapo yake kwa hiyo yana asili ya volkano ndani yake. Mashariki, juu ya jiji la Bujumbura, vinapanda vilima vya Mumirwa vyenye udongo mwekundu uliojaa chuma, uliozaliwa na miamba ya kale yenye kwatzi na ulanga. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha huubeba udongo huo na kuumwaga ziwani, upande wa kusini na mashariki ya delta ya Rusizi. Magharibi, nyuma ya Uvira, imesimama milima mingine yenye mito yake mifupi na mikali.

Tambarare yenyewe, ambayo Warundi huiita Imbo, haina sura moja. Iko ardhi nyeusi inayopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata vibaya wakati wa mvua. Yapo maeneo yenye chumvi ambako ukoko mweupe huonekana juu ya ardhi maji yakikauka. Yako mabwawa ya matete na mafunjo, na karibu na ziwa kuna mchanga wenye vipande vya makombe ya konokono wa Tanganyika, wakiwemo wale ambao hawapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Mtu aliyelala vilimani na mtu aliyevuka bwawa usiku hawawezi kufika Gatumba na udongo uleule miguuni.

Maabarani kazi huanza kwa macho. Rangi ya sampuli hulinganishwa na kitabu cha vibao vya rangi vya Munsell, ikiwa kavu na ikiwa imeloweshwa, chini ya mwanga wa aina moja. Hatua hii ni rahisi na ya bei nafuu, na huondoa sampuli nyingi zisizohusika kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Kisha udongo huchekechwa ili kujua una kiasi gani cha mchanga, vumbi laini na udongo wa mfinyanzi. Chembe za mchanga huwekwa chini ya hadubini, na mtaalamu hutazama umbo lake: zilizosafiri mbali mtoni huwa zimeviringika, zilizovunjika jana kutoka kwenye mwamba huwa na ncha kali.

Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno kwa hadubini ya kawaida, na hapo hutumika mionzi ya eksrei. Kila madini hutawanya mionzi hiyo kwa pembe zake yenyewe, hivyo orodha ya madini yaliyomo hupatikana hata kwenye sampuli ya robo kijiko au pungufu. Kwa mazingira ya Bujumbura kipimo hiki kina maana kubwa, kwa sababu udongo mwekundu wa nchi zenye mvua nyingi hutawaliwa na kaolini na oksidi za chuma, ilhali ardhi nyeusi zinazopasuka zina smektiti, mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Mshukiwa anaweza kudai kwamba wekundu wa kiatu chake ni wa matofali ya nyumbani. Eksrei na hadubini hutofautisha udongo mbichi na tofali lililochomwa, kwa kuwa moto wa tanuri hubadilisha madini.

Zaidi ya madini, ndani ya udongo kuna viumbe na mabaki yao. Chavua, ule unga wa maua, ina ganda gumu linalodumu kwa maelfu ya miaka katika tope lisilo na hewa, na chini ya hadubini chavua ya mahindi haifanani na ya mchikichi, ya mkaratusi wala ya mafunjo. Zipo pia daitomu, mwani wenye seli moja unaojijengea ganda la silika lenye nakshi. Aina za daitomu za ziwani hutofautiana na za kijito, na za maji ya chumvi hutofautiana na za maji baridi. Siku hizi maabara kadhaa husoma pia vinasaba vya bakteria wa udongo, ingawa njia hii bado ni changa na bakteria hubadilika kufuatana na msimu. Halafu kuna takataka za binadamu: saruji, rangi ya ukutani, mkaa, vipande vya plastiki, unga wa chuma kutoka gereji. Wapelelezi wengi huzipenda takataka hizi kuliko madini, na wana haki. Mchanganyiko wa mchanga wa mto, rangi ya buluu ya aina moja na saruji hauwezi kujirudia mahali pengi.

Taaluma hii ilizaliwa kabla ya mashine hizo. Mwaka 1856, katika reli ya Prussia, pipa lililopaswa kuwa na sarafu za fedha lilifunguliwa likakutwa limejaa mchanga. Mwanasayansi Christian Gottfried Ehrenberg aliomba mchanga kutoka vituo vyote ambavyo treni ilipita, akautazama kwa hadubini, akataja kituo ambacho mchanga wake ulifanana na ule wa pipa. Upelelezi ukajua uanzie wapi. Mwaka 1893 mwanasheria wa Austria Hans Gross alichapisha kitabu cha mwongozo kwa mahakimu wapelelezi, akasisitiza humo kwamba tope la kwenye viatu linaweza kueleza alikopita mtu kuliko maneno yake.

Kesi iliyoonyesha uwezo huo kikamilifu ilitokea Bavaria mwaka 1908. Mwanamke aliuawa, na mkulima mmoja wa jirani akashukiwa. Mkemia Georg Popp wa Frankfurt alipewa viatu vya mshukiwa. Mke wa mkulima alisema alikuwa amevisafisha usiku wa kuamkia siku ya mauaji, na mume akashikilia kwamba siku ile alitembea katika mashamba yake tu. Popp aliondoa tope la soli tabaka moja baada ya jingine. La ndani kabisa lilikuwa na kinyesi cha bata bukini, kama kilichokuwa mbele ya nyumba ya mkulima mwenyewe. Lililofuata lilikuwa na majani, kisha mchanga mwekundu wa mahali palipokutwa maiti. La nje lilikuwa na mkaa, vumbi la matofali na saruji, sawa na udongo wa magofu ya ngome ambako zilikutwa suruali na bunduki ya mshukiwa. Udongo wa mashamba yake haukuonekana hata chembe. Hapa ushahidi ulikuwa katika mpangilio wa tabaka, maana mpangilio huo ulikuwa ratiba ya safari ya siku nzima. Iwapo mpelelezi angekwangua soli yote kwa pamoja na kuitia katika bahasha moja, kesi ingepoteza sehemu yake bora.

Mfano wa Mexico mwaka 1985 unaonyesha upande mwingine: udongo unaofichua uongo wa mahali. Enrique Camarena, afisa wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya, alitekwa mjini Guadalajara mwezi Februari. Mwezi Machi maiti yake ilikutwa kando ya ranchi moja katika jimbo la Michoacán, na habari zikatolewa kwamba wahusika walikuwa watu wa ranchi hiyo, ambao nao walikuwa wameshauawa na polisi. Lakini udongo ulioganda kwenye maiti haukufanana na wa ranchi. Ulikuwa na madini ya majivu ya volkano ambayo wanajiolojia waliyafuatilia hadi kwenye msitu wa hifadhi wa La Primavera, karibu na Guadalajara. Maiti ilikuwa imezikwa kule kwanza, ikafukuliwa na kuhamishwa. Hadithi ya ranchi ikaanguka.

Kuhamisha maiti ili kuficha kosa ndiko kulikofanywa kwa kiwango cha kutisha huko Bosnia. Baada ya mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995, makaburi ya halaiki yalifukuliwa kwa mitambo mizito kati ya Septemba na Oktoba mwaka huohuo, na mabaki yakapelekwa katika makaburi mengine ya mbali. Mitambo hiyo ilichota udongo pamoja na miili. Wataalamu wa mahakama ya kimataifa ya The Hague, akiwemo mtaalamu wa mazingira ya kale Tony Brown kutoka Uingereza, walikuta katika makaburi ya pili udongo na chavua visivyo vya pale, wakavioanisha na makaburi ya kwanza. Katika kaburi moja la barabara ya Čančari vilikutwa vipande vya glasi ya kijani vilivyotoka kwenye kaburi la kwanza la Kozluk, karibu na kiwanda cha kujaza vinywaji kwenye chupa. Uhusiano huo wa makaburi ulikuwa sehemu ya ushahidi katika kesi ya Jenerali Radislav Krstić, aliyehukumiwa Agosti 2001. Walioamuru maiti zihamishwe walitaka kufuta ushahidi, na badala yake wakaongeza mwingine: hakuna anayezika watu mara mbili kwa bahati mbaya.

Gatumba ina kaburi lake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao Wanyamulenge waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini miezi michache kabla, ilivamiwa. Watu zaidi ya 150 waliuawa kwa risasi, kwa mapanga na kwa moto, wanawake na watoto wakiwa wengi. Walizikwa kwa pamoja hapohapo Gatumba. Kundi la waasi la FNL lilitangaza kuhusika, lakini swali moja likagombaniwa kwa muda mrefu: je, washambuliaji wote walitoka upande wa Burundi, au wapo waliovuka kutoka Kongo? Human Rights Watch ilitoa ripoti Septemba 2004, na Umoja wa Mataifa ukatoa ya kwake mwezi uliofuata. Maelezo yao yalitegemea hasa maneno ya walionusurika: lugha zilizosikika, nyimbo, ngoma, upande walikoelekea wauaji. Mashahidi hao walisema waliyoyaona gizani, huku mahema yakiungua, na haifai kuwadai zaidi ya hapo.

Swali la asili ya washambuliaji ni la kijiografia, kwa hiyo ni swali ambalo udongo unaweza kusaidia kulijibu. Agosti ni kiangazi katika Imbo. Barabara na mashamba huwa vumbi tupu, na tope bichi kwenye kiatu kilichodondoshwa, kwenye mfuko wa risasi au kwenye gunia lililotupwa njiani lingekuwa limetoka bwawani au kwenye ukingo wa mto. Udongo mwekundu wenye kaolini na chavua ya mkaratusi ungeelekeza vilimani. Mashapo ya maji yenye daitomu na chavua ya mafunjo yangeelekeza kwenye delta. Hakuna sampuli ambayo peke yake ingetaja jina la mtu au la kundi. Ingeweza tu kuunga mkono au kudhoofisha simulizi fulani, na katika jambo lenye siasa nyingi kiasi hiki, msaada wa namna hiyo si mdogo. Miaka zaidi ya 20 imepita na familia za waliouawa Gatumba hazijaona kesi ikifikia hukumu.

Ardhi ya tambarare hiyo iliingia tena katika habari za dunia mwanzoni mwa 2016. Tarehe 29 Januari, Amnesty International ilichapisha picha za setilaiti za eneo la Buringa, nje kidogo ya Bujumbura, zikionyesha sehemu tano ambazo ardhi ilikuwa imevurugwa. Picha hizo zilikubaliana na maneno ya watu waliosema makaburi yalichimbwa mchana wa tarehe 11 Desemba 2015, siku ya umwagaji damu mkubwa jijini. Setilaiti haioni maiti. Inaona kwamba udongo umegeuzwa. Shimo likichimbwa na kufukiwa, udongo wa chini huchanganyika na wa juu, rangi hubadilika, majani hukosekana kisha huota kwa namna tofauti na jirani zake, na baada ya miezi ardhi hudidimia kwa sababu udongo uliorudishwa haushikamani kama wa mwanzo. Dalili hizi hubaki hata miongo mingi, na mchimbaji aliyefundishwa huziona ukutani mwa shimo: mstari mkali unaotenga udongo uliotulia na udongo uliovurugwa.

Mstari huo ndio unaopotea watu wakifukua kwa haraka. Kati ya Januari na Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi, chini ya uenyekiti wa Pierre-Claver Ndayicariye, ilifungua makaburi sita ya halaiki katika mkoa wa Karusi, karibu na mto Ruvubu, na kutangaza mabaki ya watu 6,032. Nguo, miwani na rozari ziliwasaidia baadhi ya wananchi kuwatambua ndugu zao waliotoweka katika mauaji ya mwaka 1972. Kwa familia zilizonyamazishwa karibu nusu karne, kazi hiyo ilikuwa na uzito usiopimika. Kwa upande wa ushahidi, mabaki maelfu ndani ya wiki chache ni kasi isiyoruhusu kila tabaka la udongo kuchorwa, kupigwa picha na kuchukuliwa sampuli. Udongo wa kaburi ungeweza kueleza kama shimo lilichimbwa kwa mikono au kwa mtambo, kama lilifunguliwa mara moja au mara kadhaa, kama lilikaa wazi hadi mvua ikaingia na kuacha utando wa tope laini kati ya safu moja ya miili na nyingine. Mambo hayo hutofautisha mauaji ya ghafla na mauaji yaliyopangwa. Tume imeorodhesha makaburi ya halaiki yanayozidi 4,000 nchini, kwa hiyo nafasi ya kufanya vizuri zaidi bado ipo kubwa.

Maji nayo yana upelelezi wake. Mtu aliyezama akiwa hai huvuta maji mapafuni, na daitomu ndogo huweza kupita katika damu hadi kwenye uboho wa mifupa wakati moyo bado unapiga. Aliyetupwa mtoni akiwa ameshakufa hana mzunguko wa damu wa kuzisambaza. Wataalamu hubishana juu ya uzito wa kipimo hiki, maana daitomu zimo hata katika maji ya kunywa na sampuli huchafuliwa kirahisi, lakini kikifanywa pamoja na sampuli za maji ya mahali panaposhukiwa huwa na manufaa. Julai na Agosti 2014 wavuvi wa ziwa Rweru, mpakani mwa Burundi na Rwanda, waliona maiti zikielea, nyingine zikiwa zimefungwa kwenye mifuko. Kila upande ulikana kwamba wafu hao walikuwa raia wake. Katika mabishano ya aina hiyo, mashapo yaliyonasa kwenye nguo na mikunjo ya mifuko ni shahidi asiye na uraia.

Kuna tawi moja la kazi hii ambalo limekomaa katika Maziwa Makuu kuliko sehemu nyingi za dunia, nalo halihusu maiti. Nchi za eneo hili zilisaini Azimio la Lusaka tarehe 15 Desemba 2010 ili kuzuia biashara ya madini yanayogharimia vita. Jumuiya yao, Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, ina sekretarieti yake Bujumbura. Ili kukagua kama koltani, bati au volframu inayouzwa imetoka kweli kwenye mgodi ulioandikwa katika hati, taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilibuni njia ya kupima chembe za shehena moja moja: madini yaliyofuatana nayo, kiasi kidogo cha elementi nyingine ndani yake, na umri wake. Matokeo hulinganishwa na hazina ya sampuli za migodi inayojulikana. Mojawapo ya maeneo yanayofahamika sana kwa wanajiolojia wa koltani linaitwa Gatumba pia, lakini lipo Rwanda, magharibi ya nchi, na msomaji asichanganye majina hayo mawili. Dhahabu ni ngumu zaidi kufuatilia. Ikishayeyushwa na kusafishwa, hupoteza sehemu kubwa ya alama za mwamba wake, na hiyo ni sababu mojawapo ya magendo ya dhahabu kupita Uvira na Bujumbura kwa miaka mingi bila kushikika kirahisi.

Hazina ya sampuli za kulinganisha ndiyo inayokosekana katika udongo wa kawaida. Burundi si maskini wa maarifa haya: ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo, hupima udongo kwa ajili ya wakulima. Kinachohitajika ni daraja kati ya watu wa kilimo na watu wa upelelezi. Ramani ya kilimo haitoshi mahakamani, kwa kuwa inaeleza eneo pana, wakati jinai inahitaji kujua tofauti ya hatua kumi. Lakini inampa mpelelezi mahali pa kuanzia, na maabara ileile inayopima udongo wa shamba la mpunga inaweza kupima tope la kiatu.

Mipaka ya ushahidi huu inapaswa kusemwa waziwazi, hasa pale ambapo maisha ya mtu yako mizanini. Udongo hauna upekee wa vinasaba vya binadamu. Mtaalamu mwaminifu hasemi kizimbani kwamba tope hili limetoka shimo lile na si kwingine. Husema sampuli mbili hazitofautiani kwa vipimo vyote vilivyofanywa, kisha hueleza mchanganyiko huo ni wa nadra kiasi gani katika eneo. Upande wa kukanusha una nguvu zaidi: sampuli zikitofautiana katika jambo la msingi, mahali hapo huondolewa, na asiye na hatia anaweza kuachiwa kwa sababu ya kijiko cha mchanga. Matumizi hayo yanastahili kuheshimiwa sawa na yale ya kutia hatiani.

Gatumba ina ugumu wake. Mkazi wa hapo, mchuuzi anayevuka kila siku kwenda Kavimvira upande wa Kongo, mvuvi na dereva wa lori wote wana udongo wa Gatumba miguuni kwa haki kabisa, na kuukuta kwao hakuthibitishi lolote. Ushahidi huwa na uzito pale mtu anapokana kufika mahali fulani na kiatu chake kikasema alifika. Ugumu wa pili ni biashara ya mchanga. Malori huchota mchanga wa mito na kuupeleka kwenye ujenzi wa nyumba jijini, hivyo mchanga wa mtoni unaweza kukutwa mbele ya nyumba iliyo mbali na mto wowote. Ugumu wa tatu ni mafuriko. Rusizi ilipofurika Aprili 2020 iliwatoa maelfu ya watu Gatumba kwenye nyumba zao, na ziwa limepanda tena miaka iliyofuata. Kila mafuriko huacha tabaka jipya la tope juu ya ardhi ya zamani. Kwa mpelelezi aliyechelewa hiyo ni hasara, ingawa tabaka lenye tarehe inayojulikana linaweza kusaidia pia: kilicho chini yake kilikuwepo kabla ya mafuriko.

Uchukuaji wa sampuli hauhitaji vifaa vya gharama. Unahitaji utaratibu. Polisi wa kwanza kufika huzuia watu kuingia, kwa sababu viatu vya watazamaji na vya polisi wenyewe huleta udongo wa nje. Sampuli huchukuliwa palipotendeka kosa, kwenye njia za kuingilia na kutokea, na kwenye mahali ambapo mshukiwa anasema alikuwa. Hiyo ya mwisho husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo humpa mshukiwa nafasi ya haki ya kusadikiwa. Udongo huchukuliwa kwa kina ambacho kiatu au sepetu ilifika, si zaidi. Kiatu hakikwanguliwi pale nje. Hufungwa peke yake kwenye karatasi safi na kupelekwa kizima, kila kiatu na mfuko wake. Kitu kilicholowa hakifungwi kwenye plastiki kwa muda mrefu, kwa sababu kuvu huota na kuharibu chavua na vinasaba, bali huachwa kikauke kwenye hewa ya ndani ya chumba safi. Kila mkono uliopokea mfuko huandikwa jina, tarehe na saa. Wakili wa utetezi akikuta pengo katika mlolongo huo, vipimo vyote vya maabara vinaweza kuanguka.

Wapelelezi hawafiki kwanza mara nyingi. Wanaofika kwanza ni wakulima wanaolima kando ya Rusizi, wachimba mchanga, mafundi wanaochimba misingi na visima, na watoto wanaochunga mbuzi. Anayekutana na mifupa ya binadamu ardhini aache jembe palepale, asiendelee kuchimba kutafuta mengine, asiioshe wala kuikusanya kwenye gunia. Afunike mahali hapo kwa turubai au majani, aweke alama, amwite kiongozi wa mtaa na polisi, na amkatalie yeyote anayetaka kuona kwa mkono. Udongo uliozunguka mifupa hiyo ni mali ya familia ya marehemu na ya mahakama, na ukishachanganywa haurudishiki.